"Fangasi Wangu ni Sugu": Nani Kakupima?

Anayesema hivyo huwa hajapimwa hata mara moja. Kapewa tyubu duka la dawa, haikumsaidia, kapewa nyingine, kisha anafika kwangu maabara na hukumu mkononi: sugu. Hapana. Fangasi anaitwa sugu akishaoteshwa, akatambuliwa ni aina gani, akawekwa pamoja na dawa kwa viwango tofauti na bado akaota. Idadi ya tyubu ulizomaliza haithibitishi lolote.

Mara nyingi dawa yenyewe haikuwa yake. Mama anayeosha samaki soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mikono majini kutwa, akichubuka weupe katikati ya vidole, wa kwanza kushukiwa ni kandida, fangasi wa jamii ya hamira. Griseofulvini haimuui kandida hata uimeze mwaka mzima. Nistatini inamuua, ila kwa choa haina kazi. Wapo hata kandida wa aina ya krusei ambao flukonazoli haiwawezi kwa asili yao.

Kinachonikera zaidi ni tyubu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi humo humo. Muwasho unatulia haraka, basi mtu anamsifia jirani naye akanunue. Steroidi inalaza kinga ya ngozi, fangasi anatambaa bila kuwasha, na lile duara lenye ukingo mwekundu linapotea umbo hata daktari asilitambue kwa macho. Ukiacha kupaka, linarudi kubwa zaidi. Tafadhali, soma maandishi ya tyubu: ukiona betamethasoni au klobetasoli, hizo ni steroidi, irudishe. Na huenda si fangasi kabisa. Ukurutu na soriasisi nazo hutoa mabaka yanayofanana na choa.

Usugu wa kweli upo, na ndio unaofanya nisisitize kipimo. Trichophyton indotineae, fangasi wa choa aliyeenea sana India kisha akaonekana nchi nyingine, mara nyingi hasikii dawa ya terbinafini kwa sababu jeni ya kimeng'enya kinacholengwa na dawa hiyo imebadilika. Kwa macho, choa chake huwezi kukitofautisha na kingine.

"Majibu nipe leo." Leo naweza kukwangua magamba ukingoni mwa kidonda, nikayalainisha kwa potasiamu haidroksaidi na kuona nyuzi za fangasi kwenye hadubini. Hizo zinasema fangasi yupo, hazisemi ni nani. Kumwotesha huchukua hadi wiki 4, na kumjaribu kwa dawa ni baada ya hapo. Ukija, uwe umeacha kupaka chochote kwa wiki 2, vinginevyo sahani ya kuoteshea inabaki tupu nawe unaambiwa huna fangasi. Tyubu zako zote njoo nazo.

Mapunye ya mtoto hayaponi kwa kupaka, kwa sababu fangasi yuko ndani ya unywele. Ni dawa ya kumeza, na griseofulvini huchukua wiki 6 hadi 8 au zaidi, kwa maelekezo ya daktari.

Mba wa mwilini, ule wa mabaka kwenye ngozi, hauletwi na maji ya ziwa. Fangasi wake, malasezia, anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, joto na jasho humpa nafasi. Vidonge vya griseofulvini au terbinafini havimtibu. Na akishakufa, madoa meupe hubaki wiki nyingi, hata miezi, mpaka rangi irudi. Usinunue dawa nyingine kwa ajili ya madoa hayo.