Kazi ya afya, chakula na mazoezi kwenye TV na mitandao: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Binti wa dada angu kamaliza form six, kaja kwangu kaniambia mama mdogo mimi nataka kuwa influensa wa afya na mazoezi, chuo siendi. Sikumgombeza maana hiyo ni kazi ya kweli na wapo wanaolea watoto kwa hiyo kazi, ila tulivyokaa tukaongea nikaona karibu kila anachokijua kakitoa kwenye klipu za sekunde thelathini. Mimi niko kwenye lishe, kliniki ya sukari, na dhana hizi hizi nazisikia pia kwa wagonjwa wangu, kwahiyo nimeamua niziandike, kuna sehemu ntakaa sana na kuna sehemu ntapita tu.

Dhana: ukiwa na mwili mzuri na simu nzuri unaanza kesho

Kila mtu anamtaja Joe Wicks, yule Muingereza wa mazoezi ya watoto kipindi cha korona. Wanachokumbuka ni kwamba shule zilifungwa, tarehe 23 Machi 2020 jamaa akawasha kamera sebuleni kwake, na kesho yake tu watu zaidi ya 950,000 wakawa wanamtazama laivu YouTube mpaka Guinness wakaandika rekodi. Ukiishia hapo utasema ni bahati. Lakini huyu mtu alisoma sayansi ya michezo chuo kikuu, akawa kocha wa kawaida kabisa anafundisha vikundi kwenye viwanja vya wazi huko London, afu ndo akaingia Instagram na vile vividio vya sekunde 15 vya kupika, kitabu cha kwanza kikatoka mwishoni mwa 2015. Yaani siku shule zinafungwa yeye alishashika watu wa kila aina, wanene, waliovunjika moyo, wenye magoti mabovu, na goti la mtu mwingine hulijui kwa kujiangalia mwenyewe kwenye kioo.

Na kabla yake kulikuwa na Jack LaLanne wa Marekani. Alifungua jimu Oakland, California, mwaka 1936, wakati ambao watu wengi waliamini kunyanyua vyuma kunaharibu moyo, na kwenye televisheni kaingia 1951. Hesabu mwenyewe, ni miaka kumi na tano ya kufundisha watu ana kwa ana kabla ya kamera. Kipindi chake kilienda mpaka 1985, na kitu ninachokipenda kwake ni kile kiti, alikuwa anafanyisha mazoezi kwa kiti cha kawaida kwa sababu alijua mama aliyeko nyumbani hana vyuma ila kiti anacho. Hilo wazo haliji kwa mtu ambaye hajawahi kufundisha mtu.

Dhana: nyutrishonisti na dayatishani ni yule yule

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndipo watu wanapoumia. Uingereza jina la dayatishani, yaani mtaalamu wa lishe anayehudumia mpaka wagonjwa, linalindwa na sheria, huwezi kujiita hivyo kama hujasajiliwa, lakini nyutrishonisti, yaani mshauri wa lishe, mtu yeyote anaweza kujiita hata kama jana alikuwa anauza viatu. Wapo manyutrishonisti waliosoma vizuri sana na wanajisajili wenyewe kwa hiari, ila jina peke yake halikuambii kitu. Marekani kuanzia 2024 huruhusiwi hata kufanya mtihani wa kusajiliwa kama dayatishani bila digrii ya pili. Majirani zetu Kenya wao walitunga sheria mwaka 2007 na kuna taasisi yao, KNDI, inayosajili wote wawili. Sisi huku Tanzania ukitaka kusoma lishe ya binadamu kwa digrii SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro, wanafundisha, na huyu binti yangu nilivyomwambia alishangaa, kumbe alidhani SUA ni ya kilimo na ng'ombe tu.

Kuna mama mmoja Uingereza, Gillian McKeith, kuanzia 2004 alikuwa na kipindi kikubwa sana cha ulaji Channel 4, watu wakamjua kama Dokta. Shahada yake ya udaktari kumbe aliipata kwa njia ya posta kutoka chuo cha Marekani kisichokuwa na ithibati, na mwaka 2007 baada ya malalamiko kufika kwa wasimamizi wa matangazo akakubali kuacha kutumia hilo neno kwenye matangazo yake. Miaka mitatu hiyo watu wanaambiwa na Dokta wale nini.

Mnaweza kuona ni jina tu, lakini mimi nimempokea mzee wangu mmoja kliniki aliyeacha vidonge vya sukari wiki tatu nzima kwa sababu ya klipu ya maji ya bamia, na aliyeongea kwenye ile klipu alikuwa kavaa koti jeupe. Mzee alifika sukari imepanda mpaka 24, anakojoa usiku kucha, kakonda mpaka pete inatoka kidoleni yenyewe. Aliniambia, mwanangu, yule si daktari? Sikuwa na hasira naye hata kidogo, kwa sababu yeye alifanya kile ambacho tunamfundisha kila siku, kumsikiliza aliyevaa koti jeupe.

Dhana: mwili haudanganyi

Unadanganya. Mwaka 2022 mwezi wa Desemba yule Mmarekani anayejiita Liver King, aliyekuwa anakula maini mabichi na kusema ndo siri ya misuli yake, huku anauza vidonge vya viungo vya wanyama vilivyokaushwa, alikiri anatumia steroidi, dawa za kukuza misuli, tena baada ya imeili zake kuvuja zikionyesha analipia madawa zaidi ya dola 11,000 kwa mwezi. Sasa fikiria kijana wa kiume wa miaka kumi na saba kakaa anajichukia kifua chake kwa kujilinganisha na kile.

Na hadithi ya maisha nayo inadanganya. Belle Gibson wa Australia alijenga app na kitabu juu ya stori kwamba ana kansa ya ubongo na anajitibu kwa chakula, 2015 akakiri hakuwahi kuumwa, na 2017 mahakama ikamtoza dola za kwao 410,000. Mchapishaji wa kitabu naye ilibidi alipe dola 30,000 kwa sababu hakuhakiki madai yake. Kansa! Mtu mwenye kansa kweli anasoma pale anaacha kwenda hospitali. Hapa sina maneno laini.

Dhana: hela zinatoka kwenye views

Kidogo tu. YouTube kwa vidio ndefu wanataka uwe na wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 ndo uanze kugawiwa hela ya matangazo, na ukishafika hapo wengi wanakuta ni hela ya bando. Wanaoishi vizuri wanauza vitu, kozi, vitabu, app, au wanalipwa na makampuni. Jane Fonda, mwigizaji wa Marekani, alifungua studio ya mazoezi Beverly Hills 1979, 1982 akatoa mkanda wa video wa mazoezi wa dola 59.95 kipindi ambacho nyumba nyingi hazina hata deki, na mfululizo wake uliuza mikanda kama milioni 17. Na alianza ile biashara ili kupata hela za taasisi ya siasa yeye na mume wake Tom Hayden, hakuwa anatafuta umaarufu, umaarufu alishakuwa nao kwenye sinema.

Ila kulipwa na kampuni kuna mtego, na hata waliosoma wananasa. Novemba 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia barua za onyo madayatishani na mainfluensa kadhaa, madayatishani wenye usajili kabisa, kwa sababu walipost kuhusu sukari na aspatemu (ile sukari bandia ya kwenye soda) bila kuweka wazi vizuri kwamba vyama vya wafanyabiashara wa soda na sukari vimewalipa. Nilimsomea binti hiyo mara mbili.

Kuhusu umri sitakaa sana. Wanasema ukifika thelathini umeshapitwa, wakati Fonda huo mkanda kautoa ana miaka 44, na Julia Child, mpishi wa Marekani, alianza kipindi chake cha mapishi kwenye TV 1963 akiwa na 50, tena shule ya upishi Paris kaingia akiwa mtu mzima wa zaidi ya thelathini na tano.

Dhana ya mwisho ndo ya hatari kwa wenyewe wanaofanya hiyo kazi, kwamba mtaalamu wa afya haumwi. Jim Fixx alikuwa mhariri wa magazeti, mnene, mvutaji sigara, akaanza kukimbia, akaacha sigara, akapungua, kitabu chake cha mbio cha 1977 kikawakimbiza Wamarekani wengi sana. Mwaka 1984 akafa kwa moyo akiwa anakimbia Vermont, ana miaka 52. Watu wakasema unaona, mazoezi yanaua. Lakini baba yake alikufa kwa moyo akiwa na 43, na mishipa yake mwenyewe ilikutwa imeziba vibaya. Mbio zilimsaidia, hazikufuta alichorithi, na mtu anayeonekana mzima kwenye kava anaona aibu kwenda kupima.

Binti kajaza fomu ya SUA. Hajaacha wazo lake na mimi sitaki aache, ila kwa sasa kila Jumamosi anafundisha wamama wanane wa mtaani kwetu, kiwanjani, na viti vyao vya plastiki, klipu hajapost hata moja. Juzi mmoja akamuuliza kuhusu presha yake kama anaweza kuruka kamba, akamjibu sijui mama, ntakuulizia, akanipigia simu pale pale.