Kustaafu Kigoma, kuhamia Mombasa: mpaka bado upo

Vijiweni Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, wanaokaribia kustaafu husema hivi: Afrika Mashariki sasa ni moja, kiinua mgongo kikitoka unanunua kiwanja Mombasa, unajenga, unapunga upepo wa bahari. Sivyo.

Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imefungua milango, lakini si yote. Haki ya ukaazi ndani yake imefungamanishwa na kazi au biashara: aliyeajiriwa au kujiajiri kule, pamoja na mwenzi na wategemezi wake. Anayeishi kwa pensheni hayumo. Kenya ina kibali chake, daraja K, kwa mwenye miaka 35 au zaidi na kipato cha uhakika. Hicho huombwa, hakiji na pasipoti.

Ardhi ndiyo kisiki. Itifaki imeiachia sheria za kila nchi, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kumiliki kwa upangaji tu, usiozidi miaka 99. Hapo Mtanzania ni mgeni sawa na Mjerumani. Miaka hiyo inamtosha mzee, ndiyo. Watoto wanaongoja urithi ndio watakaouliza imebaki mingapi.

Kuchukua uraia wa Kenya? Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayetamani bahari tu, Tanga na Pangani zina bahari ileile, na huko anamilikishwa kiwanja kama raia.