Wimbo wa silaha, na ule wa mahame

Ukijua Kiswahili, mwanzo wa "Wallah Zaman Ya Silahi" unakufungukia hata kama hujasoma Kiarabu. Wallahi, zamani, silaha. Mwimbaji anaiambia silaha yake kwamba ni zamani hawajaonana na ameikumbuka. Ninapofundisha kupiga udi, ala ya nyuzi, huwa naanza na wimbo huu tunapofika kwenye nyimbo za vita, kwa sababu ndani yake unasikia kazi ya vita ilivyombadilisha mwimbaji mkubwa kuliko wote.

Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, aliuimba mwaka 1956, maneno ya Salah Jahin, mshairi wa lugha ya mtaani na mchora vibonzo, muziki wa Kamal al-Tawil. Julai mwaka huo Rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, alikuwa ametaifisha Mfereji wa Suez, na Oktoba haijaisha Israel iliingia Sinai, kisha Uingereza na Ufaransa zikafuata. Ndege za Waingereza zilipopiga mitambo ya redio ya Misri, watangazaji wa Syria wakalishika jina lisianguke: "Hapa Cairo, kutoka Damascus." Hakuna anayepoteza mabomu kwa redio isiyomuuma.

Sasa sikiliza ulivyoundwa. Bibi huyu watu walimzoea kwa nyimbo za saa nzima, usiku wa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, mshororo mmoja akiurudia na kuurudia, kila mara na pambo jipya, mpaka ukumbi mzima unapagawa. Waarabu huiita hali hiyo tarab, na taarab yetu imetokana na neno hilohilo. Kwenye wimbo wa silaha yote hayo ameyaweka kando. Mapigo ni ya gwaride, vipande vya sauti ni vifupi, kwaya inabeba mzigo. Ilibidi, maana askari, mwanafunzi na mchuuzi walipaswa kuuimba pamoja bila mazoezi. Kwangu hiyo ni sadaka kubwa: kuacha kile unachokiweza kuliko wote.

Wimbo ukapanda cheo. Mwaka 1960 muziki wake ukawa wa wimbo wa taifa la Misri, na Iraq nayo ikautumia kuanzia 1965 hadi 1981. Misri iliuacha mwaka 1979, mwaka wa mkataba wa amani na Israel. Utatiaje saini ya amani huku bendi inapiga muziki wa mtu aliyeikumbuka silaha yake? Ukachukuliwa "Biladi", wa Sayed Darwish, aliyefariki mwaka 1923.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na vita na Israel, Juni 1967. Ndani ya siku 6 Sinai ilipotea, na nyimbo za kujigamba zikawa chungu masikioni. Umm Kulthum akashika safari kuchangisha fedha kwa ajili ya nchi yake, na Novemba akasimama jukwaani kwenye ukumbi wa Olympia, Paris. Alichoimba huko hakikuwa gwaride. Aliimba "Al-Atlal", yaani mahame, shairi la mapenzi la Ibrahim Nagi, aliyefariki mwaka 1953, lililotiwa muziki na Riad al-Sunbati. Lilikwisha kuimbwa tangu 1966, kwa hiyo halikutungwa kwa ajili ya kushindwa kule.

Katikati yake mpenzi anaomba: nipe uhuru wangu, nifungue mikono. Neno lenyewe ni "hurriyati", nasi tunalisikia mara moja, kwani uhuru wetu umetoka kwenye mzizi huo. Nagi alimkusudia mwanamke. Wasikilizaji waliolala na redio wakisubiri habari za Sinai walisikia jambo jingine, na hakuna aliyehitaji kuwaelekeza.

Tafuta rekodi yoyote ya jukwaani ufike hapo. Anaurudia mshororo kwa ustadi wake wote, ule alioufungia nje mwaka 1956, kisha anashuka kwenye maneno ya pingu iliyomtoa damu kifundo cha mkono. Usisikilize sauti yake pekee. Sikiliza na ukumbi.