Slaidi ya RV inalia au imekwama? Kagua palipolika kabla hujaagiza spea

Wengi wanaonitafuta kuhusu slaidi za RV, yaani gari-nyumba, wanaanza na swali lilelile, mota mpya ya slaidi inapatikana wapi. Na mimi nawauliza, hiyo ya zamani imeuawa na nini? Kwasababu kwenye hii kazi kuna kitu kimoja nakishikilia sana, kipande kilichovunjika mara nyingi ndo kilichokuwa kinabeba kosa la kipande kingine, ukikibadilisha chenyewe tu ukaacha chanzo basi spea mpya nayo itaenda njia hiyohiyo na hela ishatoka.

Kwa ambao hawajawahi kuiona kwa karibu, slaidi ni kile chumba kinachotokeza ubavuni mwa gari-nyumba ukishapaki, makochi au kitanda au jiko linasogea nje ndani mnapata nafasi. Ni sanduku zima lenye sakafu, kuta na paa lake, wakati mwingine hadi friji imo humo, uzito unafika mamia ya kilo, na lote hilo linapita kwenye tundu la ukuta likibebwa na rola kadhaa na meno machache ya gia. Kwahiyo ukisikia mlio ambao jana haukuwepo, achia swichi hapohapo. Kuendelea kubonyeza ukitegemea itajiachia yenyewe ndo kunakogeuza kazi ndogo kuwa kazi ya kushusha chumba kizima.

Anza na umeme, na uanze hapo hata kama una uhakika kwamba kilichovunjika ni chuma. Slaidi nyingi zinatumia volti 12 na mota ikiwa na mzigo inavuta ampia nyingi, sasa kama betri imechoka au erthi ina kutu, volti zinaanguka, mota inazunguka pole pole huku inachemka, na mwenye gari anasema mota mbovu. Pima kwenye terminali za mota yenyewe huku mtu mwingine amebonyeza swichi, usipime betri ikiwa imetulia, ile 12.6 ya betri iliyopumzika haikwambii kitu. Alafu chukua mita, waya mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye hasi ya mota, slaidi ikiwa inatembea, ukiona zaidi ya nusu volti hapo ujue njia ya kurudi umeme ni mbovu. Fungua ile bolti ya erthi kwenye chesisi, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga, jaribu tena. Nimeona mota nyingi sana zimehukumiwa bure kwa ajili ya bolti hiyo moja.

Umeme ukiwa safi ndo uingie chini ya gari. Ila kabla hujaingiza hata kidole, toa waya wa betri, na kama gari limechomekwa kwenye umeme wa nje lichomoe pia. Mtu akigusa swichi ndani wakati mkono wako upo kwenye gia, ile gia haitasimama kwa ajili ya mfupa. Hapa sina mzaha hata kidogo.

Slaidi za mikono ya chuma zenye meno ndo nyingi na ndo zinazoeleza shida yake vizuri ukizitazama kwa utulivu. Kuna mikono miwili inayopita chini ya sakafu, kila mmoja una safu ya meno, na gia ndogo mbili kwenye shafti moja ndefu zinaisukuma yote pamoja. Futa uchafu wote, washa tochi, angalia meno ya gia ndogo. Kama yamelika upande mmoja tu wa upana wake, mkono haujakaa sawa, unapita kwa pembe. Kama yanang'aa kwenye ncha peke yake na chini bado yana uchafu wa zamani, basi gia na mkono vimeachana, meno yanashikana kwa ncha tu, na hapo shida sio gia, shida ni rola au kile kipande cha plastiki ngumu kinachoushikilia mkono, kimelika mkono ukapata nafasi ya kuinuka. Ukiweka gia mpya bila kugusa hiyo rola, ncha za gia mpya nazo zitaliwa vilevile, tena haraka kwasababu sasa chuma kipya kinasagana na meno ya zamani yaliyokwisha kubadilika umbo.

Mota inanguruma lakini chumba hakisogei? Hapo angalia pini inayounganisha mota au gia na shafti. Ile pini ni fyuzi ya chuma, imetengenezwa ikatike yenyewe ili mota na meno yapone, na namna ilivyokatika inakupa jibu. Ikiwa imekatika safi, uso wa mkato ni mpya na tambarare, kuna kitu kilizuia ghafla, labda kiatu kimeingia chini ya slaidi, labda vyuma vya kufungia safari havikutolewa, labda tawi la mti nje. Ikiwa imepinda, ina michubuko ya mviringo na tundu lake limekuwa refu kama yai, basi ilikuwa inacheza muda mrefu, inapigwa mbele na nyuma kila swichi ikibonyezwa, na hilo tundu lazima lishughulikiwe, pini mpya kwenye tundu lililopanuka haina maisha. Na naomba sana, usiweke bolti ngumu mahali pa pini eti isikatike tena. Haitakatika kweli. Kitakachokatika ni meno ya gia au boksi la gia la mota.

Ukishafungua shafti au gia kuna jambo la kulinganisha pande mbili, na watu wanaliruka. Gia ya kulia ikiwa mbele jino moja kuliko ya kushoto, chumba kitatoka kimekaa upande maisha yake yote, raba za kuzibia kuzunguka slaidi upande mmoja zinabanwa upande mwingine zinaachia mwanga. Chukua futi, pima kutoka ukuta wa gari mpaka kwenye kingo ya slaidi, kulia na kushoto, juu na chini, andika hizo namba nne kabla hujafungua chochote na uzipime tena ukimaliza. Gari nalo liwe limekaa sawa juu ya jeki zake, kwasababu fremu ikijipinda kidogo tu lile tundu la ukuta linapoteza umbo la mstatili na vipimo vyako vyote vinakuwa vya uongo.

Rola za chini nazipa muda mwingi kuliko watu wanavyotarajia. Rola nzima inazunguka, rola iliyochoka bushi yake imejaa vumbi ikakwama, chumba kinaburutwa juu yake na inapata bapa upande mmoja. Ukishaiona hiyo bapa inua macho utazame sakafu ya slaidi juu yake, utakuta mfereji. Mfereji huo ukiwa mdogo rola mpya inatosha, ila ukiwa na nyuzi za mbao zinatokeza, au ule mfuniko mweusi wa plastiki wa chini umechanika, chukua bisibisi ubonye kingo ya sakafu taratibu. Ikiingia kwa ulaini, sakafu imeoza. Nasema hivi kwa uchungu kwasababu hapa ndo watu wanaumia zaidi, plaiwudi ikinywa maji inavimba, ikivimba chumba kinabana, kikibana mota inahangaika, pini inakatika, na mtu amebadilisha pini na mota huku maji bado yanaingia kwenye kona ya chini ya raba. Rola mpya juu ya sakafu iliyooza ni kazi bure. Kata palipooza mpaka ukute mbao ngumu, kausha kabisa, unga kipande kipya kwa gundi na skrubu, ziba kingo zake zote ndo urudishe mfuniko wa chini.

Kubadilisha rola itabidi uinue chumba kidogo. Weka jeki karibu na kingo penye mhimili na sio katikati ya sakafu, weka ubao mpana juu ya jeki, inua kiasi tu cha rola kutoka, na uwe na stendi ya kubeba mzigo, jeki peke yake isikupe imani ya kuingiza kichwa.

Sasa zile slaidi za aina ya Schwintek zina mambo yake. Hakuna mkono chini ya sakafu, kuna reli za alumini ubavuni mwa slaidi na mota mbili, kila upande yake, na kontrola inahesabu mzunguko wa kila mota ili ziende pamoja. Kosa kubwa la matumizi ni kuachia swichi mara chumba kikishafika mwisho kwa macho. Endelea kushikilia mpaka mota zijizime zenyewe, ule muda wa mwisho ndo zinajipanga upya, ukikatiza kila siku upande mmoja unaanza kuachwa nyuma kidogo kidogo mpaka chumba kinakwama kwa pembe. Ukiona vumbi la kung'aa la alumini kwenye reli ya chini, meno ya reli yanaliwa, na ukikuta hivyo angalia vile vipande vya kuteleza vya plastiki kabla ya kitu kingine. Na kama upande mmoja haufanyi kazi usikimbilie kununua mota, badilishana plagi za mota za kulia na kushoto kwenye kontrola, kosa likihamia upande wa pili basi tatizo ni kontrola au waya zake, likibaki palepale mota ndo yenye shida, au waya unaokwenda kwake. Dakika chache tu za kazi lakini zinaokoa hela nyingi.

Za kebo ni rahisi kuelewa, nyaya za chuma zinavuta kona zote nne. Uzi mmoja ukishakatika na kuanza kuchoma vidole, kebo hiyo imekwisha, usisubiri (na vaa glovu, zile nyuzi zinaingia kwenye ngozi vibaya). Kukaza unakwenda nusu mzunguko wa nati kwa wakati mmoja, kona hadi kona, kwasababu ukikaza moja sana unavuta chumba chote upande huo.

Za haidroliki: oili ikaguliwe slaidi zote zikiwa ndani, nyingi zinatumia oili ya giaboksi ya otomatiki, ila kitabu cha gari lako ndo chenye neno la mwisho. Chumba kinachojitokeza chenyewe njiani ni dalili ya vali au sili za ndani ya silinda, sio pampu. Na usitafute uvujaji kwa mkono, oili yenye presha inapenya ngozi na jeraha lake ni la hospitali, pitisha kipande cha boksi kwenye mipira ya oili uone kitakapolowa.

Swali la grisi linanijia kila wakati. Kwenye meno yaliyo wazi chini ya gari mimi siweki grisi nzito, mchanga wa barabarani unanasa humo na inakuwa dawa ya kusagia chuma. Safisha na brashi, kausha, piga spre kavu yenye teflon, futa iliyozidi. Hata reli za alumini vivyo hivyo.

Raba za kuzunguka slaidi naziacha mwisho kwasababu zinapangwa chumba kikishakaa sawa, ukizibandika kabla ya kusawazisha utazibandua. Kuna ya bomba inayobanwa na kuna ya ulimi inayofuta maji wakati chumba kinaingia. Osha kwa maji na sabuni, zipake dawa ya raba ya silikoni, usitumie mafuta ya petroli wala grisi kwasababu aina hii ya raba inavimba na kulainika. Iliyokwisha kupasuka au kubaki bapa haifufuki, toa, kwangua gundi yote ya zamani, bandika mpya bila kuivuta maana raba iliyovutwa itajirudi na kuacha pengo kwenye kona. Alafu chukua vipande vya karatasi, viweke kuzunguka tundu lote, funga chumba juu yake na uvute kimoja kimoja. Kila karatasi inatakiwa ishike, ivutike kwa ubishi. Ikichomoka bure upande wa juu huku ya chini inachanika, rudi kwenye zile namba zako nne, chumba kimeinama, rekebisha kimo chake kwanza kabla hujapaka silikoni yoyote.