Asam laksa ya Penang haijachacha

Wiki iliyopita nilimpokea mgeni hapa George Town, mji wa kisiwa cha Penang, Malaysia; kijana wa Tanga. Alionja kijiko kimoja cha asam laksa, supu yetu ya samaki na tambi, akalisukuma bakuli pembeni, akaninong'oneza: "Kaka, hii imechacha. Na tui wamesahau kutia." Ni mgeni wa tano au wa sita kuniambia hivyo. Nimepika mji huu miaka minane, na nimechoka kulieleza jambo hili mezani huku chakula kinapoa.

Kilichochacha ni kilichoharibika. Mchuzi wa jana uliolala bila kupashwa moto, huo umechacha. Laksa hii ni kali kwa ukwaju, na imekusudiwa hivyo: asam kwa Kimalay ni uchachu. Tui nalo halikusahauliwa. Halimo kabisa.

Najua tunapokosea. Mtu wa pwani akisikia Malaysia anawaza minazi, kwa hiyo anakaa mezani akitarajia kuku wa kupaka aliyetiwa tambi. Laksa ya tui ipo kweli. Inaitwa laksa lemak, na hapahapa Penang utaikuta laksa Siam yenye tui lake. Lakini hiyo ni sufuria nyingine. Ukitaka kuielewa asam laksa, acha kupaka, ufikirie urojo: supu nzito yenye ukali, na juu yake vya kutafuna. Sijamwona Mzanzibari aliyerudisha bakuli la urojo akidai umechacha.

Samaki wake ni vibua, walewale tunaowakaanga nyumbani. Hapa huitwa ikan kembung. Wanachemshwa, wanatolewa miba, minofu inavurugwa na kurudishwa sufuriani, ndiyo maana supu inakuwa nzito bila unga. Viungo vya kusaga ni pilipili nyekundu, vitunguu vidogo, mchaichai, khulinjani, manjano, na belacan, yaani uduvi uliopondwa kwa chumvi ukaanikwa. Ukali unatoka kwa ukwaju na kwa asam keping, vipande vya tunda kali vilivyokaushwa juani. Ukwaju una utamu kwa nyuma; asam keping hauna, unakata moja kwa moja. Mwisho yanaingia majani ya kesum na bunga kantan, ua la jamii ya tangawizi linalochumwa kabla halijachanua.

Sasa tia tui humo uone. Mafuta ya nazi yataufunika ulimi, na harufu ya lile ua hutaisikia tena. Kibua mwenyewe ana mafuta ya kutosha, na ukali ndio unaomkata shombo. Si ndiyo sababu mama zetu hawamkaangi kabla ya kumkamulia ndimu?

Hapo huwa naulizwa: mbona samaki wa kupaka ana ukwaju na tui pamoja? Ni kweli anavyo, na ni mtamu. Ila mle tui ndilo bwana, ukwaju unalizindua tu. Huku ukwaju ndio bwana, na hana mwenza.

Sitadanganya kwamba yote yamenikalia sawa. Kipimo cha ukwaju hakijaniridhisha hadi leo, maana kila bonge lina ukali wake, na kitabu kinachokupa vijiko kamili kinakuhadaa. Hata jina lina ubishi. Wapo wanaolitoa kwenye neno la Kiajemi la tambi. Wengine wanalirudisha Sanskrit, kwenye neno la laki moja, lililotupa sisi "laki" na kuwapa Wamalay "laksa" ya elfu kumi. Tambi zilivyo nyingi bakulini, ati. Mimi naegemea Uajemi, lakini sina la kumnyamazisha mbishi.

Mtazame muuzaji. Anatia tambi nene za mchele bakulini, anamimina supu ya moto, anaimwaga tena sufuriani huku kijiko kimezuia tambi, anarudia mara tatu au nne mpaka tambi zimeshika moto hadi ndani. Ndipo anaweka nanasi, tango, kitunguu kibichi na nanaa. Kisha kijiko cha hae ko, rojo jeusi la uduvi, zito na tamu kama asali. Usilikoroge papo hapo! Onja supu tupu kwanza. Mgeni wangu alikoroga.

Mengine kwa haraka. Nasi kandar ni wali wa Waislamu wa Kitamil, na kandar ni mzegazega waliobebea wali na michuzi barabarani. Sema "banjir" wakufurikishie michuzi yote. Hokkien mee ya hapa ni supu ya kamba. Ya Kuala Lumpur ni tambi nyeusi za kukaanga, jina moja tu. Char kway teow, tambi bapa za mchele, kwa asili hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Usijitulize kwamba nchi ni ya Waislamu. Uliza, au nenda kwa muuzaji Mwislamu, wapo.

Ukitaka tui, lisubiri kwenye cendol: barafu ya kuparuza, maharage mekundu, vijitambi vya kijani vya unga wa mchele na majani ya pandan, jamaa wa mkadi wetu, tui bichi lenye chembe ya chumvi, na gula melaka, sukari ya mnazi. Wamalay huigema minazi kama sisi, ila utomvu wanauchemsha ungali mtamu mpaka ugande kuwa sukari. Aliyewahi kuonja asali ya tembo atautambua ule utamu wenye moshi.

Pale Lebuh Keng Kwee, kichochoro kilichotoka Penang Road, watu wanainywa wamesimama. Mgeni wangu alimaliza bakuli mbili. Jumamosi tunapanda Air Itam, chini ya hekalu la Kek Lok Si, kula laksa upya, na hae ko nitaagiza iwekwe kando.