Kuoanisha ramani za ujenzi maana yake nini?

Ukisema ramani ya nyumba wengi wanawaza karatasi moja, kumbe jengo la maana lina ramani ya akitekti, ya injinia wa miundo, ya umeme, ya maji safi na maji taka, na kama kuna AC nayo ina yake, na kila moja imechorwa na mtu wake kwa wakati wake. Kuoanisha ndo ile kazi ya kuzikalisha zote pamoja kabla zege halijamwagwa na kuangalia kama kweli zinaongelea jengo moja.

Yani unaweza kusoma ya akitekti ukaona iko sawa, ya injinia nayo iko sawa, ila ukiziweka pamoja zinagombana. Chukua mfano, toka juu ya slabu (sakafu ya zege) ya chini hadi juu ya slabu inayofuata ni mita 3. Injinia kaweka bimu, yani boriti ya zege, ya sentimita 45 ukihesabu na unene wa slabu, imebaki 2.55. Toa skridi (lile tabaka la saruji na mchanga chini ya taili) na taili sentimita 5, imebaki 2.5. Akitekti kwenye ramani yake kaandika dari iwe mita 2.7 toka kwenye taili. Itapita wapi? Na hapo dakti ya AC, ile njia ya kupitishia hewa, bado haijatafutiwa njia.

Lingine linaloniuma sana ni bomba la choo. Akitekti kasogeza choo karibu na ukuta, chini ya ukuta huo kuna bimu, na bomba lenyewe ni la milimita 110. Fundi bomba anafika zege limeshakauka, anashika nyundo na tindo anaanza kuchimba bimu, akikutana na nondo anaikata, wakati nondo ndo inayobeba mzigo pale! Lingeonekana mapema choo kingesogezwa kidogo kwenye karatasi na mambo yameisha.

Pa kuanzia ni gridi, ile mistari ya kupimia yenye herufi na namba, mstari A na 1 uwe palepale kwenye ramani zote, halafu levo ya sifuri, yani pale vimo vyote vinapoanzia kupimwa, je ni juu ya taili au juu ya slabu? Hapo ndo ngazi nyingi zinaharibikia, unakuta kidato cha mwisho hakilingani na vingine. Usiishie kwenye plani tu (jengo likitazamwa toka juu), kaa sana kwenye sekshen (jengo kama limekatwa wima) maana huko ndo vitu vinapandiana. Siku hizi kuna programu za 3D zinaonyesha zenyewe bomba limepita ndani ya bimu, zinasaidia kweli, ila hata kupanga karatasi mbili juu ya kioo chenye taa chini unaona mengi.

Na rivisheni jamani, yani ramani ikibadilishwa. Dirisha likihama hata nusu mita, injinia aambiwe kwa ajili ya linta (boriti ya juu ya dirisha), wa umeme aambiwe kwa ajili ya swichi, kisha karatasi ya zamani iondolewe saiti siku hiyohiyo, maana ikibaki imebandikwa ukutani fundi atajenga hiyo.