Kuni hazikauki kwa umri

"Fundi, kuni zangu zina mwaka mzima, haziwezi kuwa mbichi." Nimeambiwa hivyo tena juzi, nimepiga magoti mbele ya jiko la mteja, masizi hadi viwikoni. Dohani aliyodai haivuti niliisafisha mwenyewe miezi minne nyuma, na tayari ilikuwa na lami nyeusi inayong'aa ukutani mwake. Lami hiyo haishuki kutoka mbinguni.

Tukatoka nje. Magogo mazima yamelazwa juu ya udongo, yamezongwa turubai kutoka juu hadi chini kama sanda. Nilipolifunua, upande wa ndani ulikuwa unadondosha maji na magome yameota uyoga. Nikapasua gogo moja na kugusa palipopasuka: baridi, majimaji. Kipima unyevu kikasoma asilimia 34. Akaniambia, lakini fundi, ncha zina nyufa. Zina, ndiyo. Nyufa za nchani zinaonyesha kuwa ncha imekauka, basi.

Gogo halihesabu miezi. Maji hutoka kwa urahisi kupitia ncha zilizokatwa na kwa shida kupitia ubavuni, na kazi ya gome ni kuyazuia. Ndiyo maana gogo zima laweza kulala miaka miwili na kiini kikabaki kibichi. Likikatwa vipande vya kuingia jikoni, likapasuliwa na kupangwa pale upepo unapopita, msonobari huwa tayari kwa kiangazi kimoja kizuri au mwaka. Mwaloni unataka kama miaka miwili. Anza kuhesabu siku uliyopasua, si siku uliyoangusha mti. Na turubai lifunike juu tu, pembeni pabaki wazi, chini patangulizwe mbao au mawe.

Mti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiingiza ndani kilo 10 za kuni hizo umebeba lita 4 au 5, na moto wako lazima uzichemshe zote zikauke ndipo upate joto la kuota. Ule mlio wa kuchemka na povu nchani ndiyo hayo. Moto unapozongwa na maji, moshi hupanda bila kuungua vizuri, hukutana na dohani ya baridi na kugandia humo kama lami. Siku lami hiyo itakaposhika moto, dohani itanguruma kama lori linalopanda mlima, na hapo usiniite mimi, waite zimamoto.

Mengine niyaseme haraka.

Msonobari huziba dohani? Ubichi ndio huziba. Msonobari mkavu huwaka safi, na kilo yake hutoa joto linalokaribiana na la kilo ya mwaloni. Tofauti ni kwamba ni mwepesi, kwa hiyo rundo lako liwe kubwa zaidi.

Mti uliokatwa wakati wa baridi hauna maji kwa sababu utomvu umeshuka mizizini? Haushuki hivyo. Faida ya kukata wakati huo ni kwamba kuni zinapata kiangazi chote mbele yao.

Majivu ya jana yamepoa? Kaa lililofunikwa na majivu laweza kubaki na moto siku kadhaa. Ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta.

Kufunga hewa usiku ili moto ufike asubuhi, hapa sitaki ubishi. Moto unaofukiza ndio kiwanda cha lami, na hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Washa moto mdogo ulio mkali, uache uishe, asubuhi uwashe mwingine. Na king'ora cha gesi hiyo kiwepo hata kama moto wako unawaka vizuri.

Yule mteja akauliza, sasa baridi hii nichome nini? Nikamwambia anunue kuni kavu za msimu huu, na kabla hajalipa apasue kipande kimoja na kupima pale palipopasuka, chini ya 20. Watu hukichoma kipima unyevu kwenye ganda la nje, wanasoma 15, wanafurahi. Mimi naiamini zaidi mizani ya jikoni: vipande vitatu kutoka sehemu tofauti za rundo, vipimwe kila mwezi. Uzito ukigoma kushuka hata baada ya wiki za jua, hewa imemaliza kazi yake.

Tukapasua magogo yake mpaka jioni, kwa ajili ya mwaka ujao. Kipande cha kwanza kina maandishi ya penseli ubavuni: gramu 2,140.